Pikapu la Bluu Lililokwenda Kasansa

Juzi mjukuu wangu alinifuata na simu mkononi, anataka nimwambie kama anunue gari ambalo hajawahi hata kuligusa. Picha zilikuwa nzuri. Gari limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, nyuma yake kuna ukuta mweupe. Nikamwuliza, "Limewahi kubeba nini?" Hajui. "Ukilipakia nyuma, mbele linanyanyuka?" Hajui. "Bibi yako ataweza kulipanda bila kusukumwa?" Akacheka, akidhani namtania. Kweli babu na mjukuu ni watani, lakini swali la bibi yake nililiuliza kwa dhati. Na kwa kuwa nyie wote mna simu zenye picha nzuri, ngoja niwaeleze nililipata wapi swali hilo.

Mimi ni dereva. Magoti yangu yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Miaka ya tisini niliendesha mapikapu ya watu mbalimbali kati ya Mpanda na vijiji vya Mpimbwe, wakati huo bado tuko Mkoa wa Rukwa. Nilibeba mpunga, chumvi, mabati, mbuzi, maharusi, wagonjwa, na siku moja kwaya nzima na ngoma zao, ambayo iliimba njia nzima mpaka nikaanza kuwaombea wapoteze sauti. Pikapu kwetu halikuwa na kazi ya wiki na kazi ya Jumapili. Lile lililobeba mbolea jana ndilo litakalompeleka bibi harusi kanisani kesho, na anayelikagua sharti awafikirie wote wawili.

Kwa kuwa nilishaendesha mengi, watu wakaanza kunichukua niwakagulie gari kabla hawajanunua. Kazi hiyo sikuisomea. Nilifundishwa na fundi mmoja wa mtaa wa Ilembo, pale Mpanda, akiitwa Nyandwi, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akakaa makazi ya wakimbizi ya Katumba, kisha akahamia mjini na sanduku la spana. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Nyandwi hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Akifika kwa muuzaji, kwanza aliweka kiganja juu yake. Ikiwa ya moto, anatafuta kivuli, anakaa, anaomba chai. Muuzaji atasema, "Fundi, washa basi usikie." Nyandwi atajibu, "Naona umeshaliombea mwenyewe kabla sijafika. Ngoja lipoe, nisikie linavyoamka bila maombi." Gari lenye ugonjwa, likishapashwa moto, linawaka vizuri kabisa. Ugonjwa wake unauona asubuhi, likiwa baridi, na moshi wake wa kwanza. Basi tulikuwa tunakunywa chai hadi boneti ipoe, muuzaji anatazama pembeni.

Halafu anachomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi haimtishi, ila ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia kwenye injini, mwache muuzaji, uende nyumbani. Anaingia chini na nyundo ndogo, anaigonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma, anasikiliza. Akikuta rangi mpya huko chini, anatoka kimya, anamtazama muuzaji. Nani anapaka rangi mahali pasipoonekana na mtu, kama hana anachokificha? Mwisho anatazama mpira wa pedali ya klachi. Muuzaji mmoja alimwapia kwamba gari lake halijatembea sana. Nyandwi akaushika ule mpira, umelika mpaka chuma kinaonekana, akasema, "Ni kweli, gari halijatembea. Mguu wako ndio umetembea sana, sha," kama Warundi wanavyomwita rafiki.

Msidhani lakini kwamba yeye hakuwahi kudanganyika. Pikapu lake mwenyewe alilinunua baada ya kulikagua kila mahali, kasoro jambo moja: hakurudi nalo nyuma. Halikuwa na rivasi. Giaboksi yake haikuwa na spea Mpanda nzima, basi aliishi nalo hivyo hivyo, anaegesha mahali penye mlima tu, ili akitaka kurudi nyuma achie breki lishuke lenyewe. Ilembo yote ilijua usisimame nyuma ya gari la Nyandwi. Nilipokuwa naenda kukagua gari la mtu, alinipungia mkono na kunikumbusha, "Urudi nyuma." Wapita njia walidhani ananifukuza.

Sasa niwaambie kuhusu Masanja.

Masanja alikuwa mfugaji na mkulima wa Kasansa, Msukuma, aliyehamia Mpimbwe na ng'ombe wake akitokea upande wa Shinyanga. Mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, maneno machache. Alinikuta gereji kwa Nyandwi mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunyesha, akasema anataka nikamtazamie pikapu la Kasimu.

Pikapu la Kasimu lilijulikana mji mzima. Lilikuwa kubwa, la Kimarekani, bluu iliyokolea, usukani upande wa kushoto. Wawindaji wa kigeni waliliacha walipofunga kambi yao, na Kasimu, mfanyabiashara wa mbao na mpunga, akalipata. Sasa alitaka kuliuza kwa maksai, na si maksai wowote, alitaka wale wa Masanja waliokwisha kufundishwa jembe, wanene, ambao tayari alikuwa na mtu wa kumuuzia.

"Maksai si ndio unaolimia?" nikamwuliza Masanja.

"Ndio hao."

"Na mvua hizi zimeanza."

"Naona," akasema. "Wewe Deusi kazi yako useme tu. Ukisema chukua, nachukua. Ukisema acha, naacha."

Kauli hiyo haikunifurahisha. Mtu akikubebesha uamuzi wake namna hiyo, usingizi unakuwa wako. Akikosea, familia nzima inakaa bila kulima kwa sababu ya mdomo wangu.

Tulikwenda. Masanja alilizunguka lile gari kama anavyozunguka dume mnadani. Aliyagonga matairi kwa fimbo, akainama kutazama chini ya mkia, akapitisha mkono ubavuni, kisha akamwuliza Kasimu, "Limewahi kuugua?" Nikacheka. Nimefikiri baadaye kwamba katika miaka yangu yote sijawahi kuuliza swali zuri kama hilo.

Boneti ilikuwa baridi. Kasimu alikuwa mjanja kwenye mbao lakini kwenye magari alikuwa mkweli, au alikuwa hajafundishwa. Injini iliamka kwa moshi kidogo ambao uliisha. Ilikuwa ya dizeli, na hilo nililipenda sana, kwa sababu Mpimbwe kila kijiji chenye mashine ya kukoboa mpunga kina pipa la dizeli, wakati petroli uliipata kwenye chupa, na ndani ya chupa kuna mafuta ya taa na imani. Chesisi ililia vizuri kwa nyundo. Springi zilikuwa na pleti nene, zote nzima. Nikarudi nyuma, mara mbili, kwa heshima ya Nyandwi.

Kasoro niliyoiona ilikuwa kwenye nati. Gari la Kimarekani nati zake ni za inchi, na mafundi wetu wote wana spana za milimita, spana inacheza kwenye nati mpaka inaila pembe. Nikamfuata Nyandwi. Akakuna kichwa, akafungua sanduku lake la chini kabisa, akatoa spana nyeusi, nzito. "Za trekta la zamani," akasema. "Trekta na Mmarekani wamevaa saizi moja. Mwambie Mzee Masanja gari aniletee mimi mwenyewe, asimpelekee mtu wa gereji nyingine." Kwa hiyo hilo nalo likaisha.

Niliporudi nilimkuta Masanja amefungua mlango wa abiria. Gari lile lilikuwa na kiti kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango. Alivua kofia, akajilaza juu ya kile kiti, chali, akakunja miguu kidogo kwa sababu ya urefu wake, akafumba macho. Watu waliokuwa pale dukani kwa Kasimu wakaanza kucheka. Mimi ndiye niliyewaongoza.

"Mzee," nikasema, "unanunua gari au unanunua kitanda?"

Hakucheka. Aliinuka taratibu, akapangusa kofia, akaivaa. "Panatosha," akasema, akashuka.

Tulipokaa kwenye mgahawa ndipo aliponieleza, bila kunitazama. Mke wake, Mama Kabula, alishikwa na uchungu msimu wa mvua uliopita. Walimweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaanza safari ya kituo cha afya. Barabara ilikuwa matope, mkokoteni unaruka, yeye amekaa ameshika kingo mbili kwa sababu mahali pa kulala hapakuwepo. Mtoto alizaliwa njiani, na hakuishi. Sasa binti yao Kabula alikuwa na mimba yake ya kwanza, amerudi kwa wazazi kujifungulia kama ilivyo desturi, na miezi yake ingetimia mvua zikiwa katikati.

Niliweka kikombe chini. Nilimwonea huruma na nikajionea aibu, vyote pamoja, na chai ile sikuimaliza. Nilikuwa nimekagua kila kitu cha gari lile isipokuwa kazi ambayo mwenyewe alilitakia.

Kuanzia hapo nikaanza kulikagua upya. Nilimwambia Kasimu kwamba hakuna maksai atakayetoka zizini kabla gari halijafika Kasansa, nyumbani kwenyewe, likiwa na mzigo. Kasimu akalalamika kwamba gari si mchumba hata lianze kupelekwa ukweni. Nikamwambia basi aje naye awe mshenga. Akaja.

Tulipakia chumvi na mabati, tukaondoka asubuhi. Mimi kwenye usukani kushoto, Kasimu katikati, Masanja dirishani kulia. Wenye magari ya namna hii mnajua shida yake: dereva anakaa upande wa mtaro, hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita. Anayeona ni abiria. Nikamwambia Masanja, "Nikitaka kupita, wewe chungulia, useme pita." Alikubali. Ila kwa Masanja njia ilikuwa wazi siku zote. Basi linakuja, vumbi lake tunaliona, yeye anasema, "Pita tu, atatuona." Kasimu akashika dashibodi kwa mikono miwili na akaanza kumkumbuka Mungu. Nikaacha kupita magari. Tulifika Sitalike nyuma ya lori lile lile la mkaa tulilotoka nalo Mpanda.

Baada ya daraja tukaingia hifadhini, na hapo bluu ya Kasimu ikajulikana. Yeye aliisifu sana rangi ile, kwamba haioneshi uchafu. Mbung'o nao wanaipenda. Nyie mliozaliwa mjini niwaambie, mbung'o akiona bluu iliyoiva inayotembea, anajua mnyama mkubwa anapita na chakula kimeiva. Walitufuata wengi. Kioo cha upande wa Masanja kikagoma kupanda, kikabaki nusu, wakaingia. Masanja, mtu wa ng'ombe, aliwaua mmoja mmoja kwa kofia bila kubadilisha sura. Kasimu aliumwa shingoni, masikioni, na mara moja kwenye kope. Nilimwuliza kama bado anaipenda rangi. Akasema niangalie barabara.

Kwa hiyo kwenye kukagua gari weka na vioo. Pandisha, shusha, kila dirisha. Baadaye tulikirekebisha kile, na Masanja akaongeza dawa yake mwenyewe: kopo la mavi ya ng'ombe yaliyokauka, linafuka moshi, limefungwa nyuma kwa waya. Mbung'o walipungua. Ila kila tulipopita Kibaoni watu walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele kwamba gari linaungua.

Tulifika Kasansa mchana. Nyumba ya Masanja ilikuwa ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi, kipande tu, unaiona nyumba na moshi wa jikoni ukiwa bado barabarani. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye barabara gari lilikuwa limetembea vizuri mno, mzigo haukulisumbua, na mimi nikawa nimeshaanza kupanga maneno ya kusema chukua. Nikaweka gia ya magurudumu yote manne, nikaingia mbugani. Kwa muda mfupi lilikwenda. Halafu injini ile kubwa, nzito, ikaanza kuzama kwa pua. Nikakanyaga, magurudumu yakachimba, tukakaa.

Kasimu alishuka na viatu vyake vya mjini, akabaki na kimoja; cha pili alikichimbua matopeni kwa mkono.

Familia ikatoka kutazama. Mama Kabula mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, Kabula nyuma yake na tumbo lake, na Ngasa, kaka yake Kabula, kijana mkubwa aliyekuwa anajiandaa kuoa. Ngasa alitazama, akatabasamu, akaenda zizini. Aliporudi alikuwa anaswaga maksai, mnyororo begani. Wakafungwa mbele ya gari. Akawaita kwa majina yao, mmoja Kazimoto, mwingine Subira, na wenzao, akapiga mluzi. Walisimama, wakaegemea nira, na lile jitu la Kimarekani likaanza kutoka matopeni kimya kimya, mpaka uani.

Watu walicheka sana. Mimi pia, na hata Kasimu kidogo. Mama Kabula alingoja tumalize.

"Baba dereva," akaniambia, "hawa ng'ombe waliolitoa, ndio mnaotaka wakalipie gari?"

"Ndio, mama."

"Wakishaondoka, hili atalivuta nani?"

Kasimu alikuwa anapangusa kiatu kwa kijiti, kwa makini sana.

Masanja akanigeukia. "Sema basi."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu Mpanda. "Gari ni zima," nikasema. "Injini nzuri, springi nzuri, barabarani litakufanyia kazi. Lakini hapa mbugani, mpaka mvua ziishe, halitoki bila maksai. Ukiwatoa hawa, utabaki na gari ambalo haliondoki nyumbani na shamba ambalo halijalimwa. Gari chukua, Mzee. Maksai usiwatoe."

"Nimlipe nini sasa?"

Zizini palikuwa na ng'ombe wengine, mitamba mizuri, na sote tuliokuwa pale tulikuwa tunaepa kuwatazama. Walikuwa mahari ya Kabula. Kwa Wasukuma ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio humwolea kaka yake. Masanja asingeweza kuwagusa, maana Ngasa alikwisha kuposa katika kijiji cha Majimoto, na wakwe walikuwa wanahesabu siku. Ndiyo maana tangu mwanzo mzee yule alikuwa tayari kutoa jembe lake.

Kabula hakungoja wazee wamalize. Alilisogelea gari, akafungua mlango, akataka kupanda. Hakuweza. Sakafu ilikuwa juu, na tumbo lilikuwa mbele. Alijaribu tena akishika mlango, akashindwa, akasimama pale akihema, amegeukia gari ili tusimwone uso. Mimi nilijisikia vibaya kupita kiasi. Nilikuwa nimepanda na kushuka humo siku nzima na sikuona kwamba ni juu.

Ngasa alikwenda jikoni akarudi na kinu. Akakigeuza chini juu, akakiweka chini ya mlango, akampa dada yake bega. Kabula akapanda, akakaa, akajilaza kidogo kidogo kwenye kile kiti kirefu.

"Vipi?" Ngasa akamwuliza.

"Pananitosha."

Ngasa akamrudia baba yake. "Toa wale wa Kabula," akasema. "Mimi nitangoja."

"Umesikia ulichosema?" Masanja akauliza.

"Nimesikia."

"Na wa Majimoto?"

"Nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Masanja akamwambia Kasimu aingie zizini achague. Kasimu alichagua akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na nasema kwa haki kwamba hakuchagua kwa uroho. Mkimhurumia Ngasa, mchumba wake alikubali kungoja mpaka mavuno, wakaoana, na mpaka nilipoacha kazi bado alikuwa anamwambia mumewe, kila wakizozana, kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Mpimbwe aliyetanguliwa na pikapu.

Nilibaki kwa Masanja msimu ule kama dereva wake. Tulipanga mambo upya. Kwanza, Nyandwi alichomelea kidaraja cha chuma cha kupandia chini ya mlango, alichokikata kwenye trekta lile lile lililompa spana, na kinu kikarudi jikoni. Pili, tuliacha kulilazimisha gari mbugani. Lililala kwa jirani aliyekaa kando ya barabara ya changarawe, na kila jioni Masanja alikwenda kulitazama, akalizunguka, akarudi. Watu walimtania kwamba gari lake limeolewa jirani na yeye ni baba mkwe tu. Alijibu kwamba angalau mkwe huyu hamwombi tumbaku.

Jembe lilikwenda, mpunga ukapandwa, na gari likafanya kazi zake. Tulibeba chumvi, tukabeba wagonjwa, tukabeba maiti moja na harusi mbili. Nikazoea kuendesha nikiwa karibu na mtaro, na nikagundua faida yake: kwenye madaraja membamba unaona tairi lako la kushoto linakokanyaga, jambo ambalo kwenye magari yetu unalikisia.

Kabula alishikwa na uchungu alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na sasa inadondoka kidogo kidogo. Kulipopambazuka Ngasa alikuwa ameshafunga maksai kwenye mkokoteni. Tukamweka Kabula juu ya majani na blanketi, tukaivuka mbuga. Mama Kabula alikataa kupanda. Alitembea pembeni, matope mpaka magotini, mkono mmoja ameushikilia ubao wa mkokoteni kana kwamba yeye ndiye anayeuzuia usiruke.

Kwa jirani gari lilikuwa limeshawashwa, maana tulipoikaribia barabara nilitangulia mbio. Kabula alikanyaga kidaraja, akaingia, akalala, kichwa mapajani kwa mama yake. Masanja na Ngasa wakapanda nyuma chini ya turubai. Nikaondoka polepole. Masanja akagonga bodi niongeze mwendo. Nikaongeza, tukaingia shimo, akagonga nipunguze. Tulikwenda hivyo, kila shimo na maoni yake, mpaka nikasimama, nikatoa kichwa nje, nikamwambia, "Mzee, chagua mguu wangu au mkono wako." Ngasa akamkamata baba yake mikono, na safari ikatulia.

Mbele kidogo maji yalikuwa yamefunika kalavati. Barabara haionekani, ni maji ya kahawia tu kutoka majani hadi majani. Nilisimama. Kabula aliguna, akauma kitambaa. Mama Kabula alinitazama mara moja. Niliinama dirishani upande wangu, nikatafuta ukingo wa zege chini ya maji, nikauona, nikalishikilia tairi la kushoto hapo hapo, inchi kwa inchi. Tukavuka. Hakuna aliyegonga bodi.

Kituo cha afya walimpokea haraka. Nesi mmoja, binti mdogo mwenye mikono ya uhakika, alimwingiza ndani, akatufungia mlango, akatuambia tusimame barazani na matope yetu. Tulisimama. Ngasa alitembea huku na huku. Masanja alikaa chini, akaweka kofia juu ya goti. Mama Kabula alisimama karibu na mlango, mgongo ukutani, macho chini, na niliogopa kumtazama.

Jua lilikuwa limeanza kupenya mawingu tuliposikia sauti ndani. Mtoto alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Ngasa akanishika bega. Muda si mrefu mlango ukafunguliwa, nesi akatoka na mtoto amefungwa kwenye kitenge, wa kike, bado analia. Akasema mama yake ni mzima. Kisha, kwa kuwa sote tulikuwa kimya na yeye alidhani kelele zinatusumbua, akaanza kumbembeleza, anamtikisa, anamwambia basi, basi, nyamaza.

Mama Kabula akanyoosha mkono, akaushika mkono wa nesi.

"Mwache alie, mwanangu," akasema. "Wangu hakulia."

Nesi akaacha kumtikisa. Tukasimama pale barazani, wote, tukimsikiliza.